Tuta la Damari

Mbegu ya baridi hailelewi mekoni.

Maneno hayo mmeyasikia asubuhi hii mama Sekela akimtupia mumewe, mkacheka, mkadhani ni matusi ya watu wazima. Mumewe hataki mkwe wao aende kujifungulia kwao. Anasema nani atamtunza kuliko sisi. Mama Sekela akamjibu kwa maneno hayo, akaingia ndani akafunga mlango. Sasa Lusajo unaniuliza yametoka wapi, na wewe Tumpe unasema labda yametoka kwenye Biblia. Hayakutoka kwenye Biblia, yametoka nyumbani kwetu. Endeleeni kugeuza hiyo kakao, nami nitawaambia, maana jua halitatungoja.

Yalianza na kosa. Bibi yangu Subilaga, bibi mzaa baba, alimpenda mama yangu mpaka akamtenga na mama yake mzazi, na yule mama mzazi akafa akingoja. Hakumpiga wala kumnyima chakula, na sijasikia mtu akisema kwamba aliwahi kumtukana. Alimpenda tu, kwa namna aliyoijua yeye.

Mlima ule mnauona. Huku chini Kyela tunatoka jasho hata mwezi wa saba. Kule juu, Ukinga, mwezi wa saba maji ya ndoo yanaamka yameganda, na majani ya viazi yanaungua kwa baridi kama yamemwagiwa maji ya moto. Ni mlima mmoja tu, ukitoka hapa alfajiri na miguu mizuri unafika jioni. Lakini ni dunia mbili.

Mama yangu, Damari, alizaliwa kule. Mama yake aliitwa Yuditi, wa ukoo wa Sanga, mjane mwenye mtoto huyo mmoja. Yuditi alikuwa na maua yaliyojulikana mlima mzima. Zamani aliwahi kumfulia nguo muuguzi mmoja wa Kizungu, na yule mama alipokuwa anarudi kwao akamwachia mbegu za maua ya nchi yake. Mbegu zenyewe si punje. Ni vitunguu. Ukivitazama utadhani ni vya kuungia mchuzi, ila ukila utatapika mpaka nyongo. Vinakaa chini ya udongo baridi nzima kama vimekufa, sakitu nyeupe, ule umande ulioganda, inalala juu yake usiku kucha, na baridi ikianza kuachia, mwishoni mwa mwezi wa nane, vinachomoza na kutoa ua la njano lenye kikombe katikati. Mimi nimeyaona. Yanaonekana kutoka ng'ambo ya bonde.

Baba yangu Gwakisa alikuwa mpasua mbao. Alipanda kule kutafuta miti, akampata Damari. Mahari ikatolewa, harusi ikafungwa mwezi wa nane, na siku ya kumtoa binti Yuditi akaleta kapu la vitunguu vile, amevichimbua siku hiyo hiyo, udongo bado una unyevu.

"Hivi havitaki mbolea wala kubembelezwa," akamwambia mama. "Vinataka kitu kimoja tu, kulala kwenye baridi. Mwaka huu nimevilaza mimi. Ukifika vipande kivulini, vitatoa. Majani yakishakauka, vichimbue, uniletee. Nitavilaza hapa, kwenye tuta lako. Baridi ikianza kuachia, unakuja kuvichukua."

"Kila mwaka, mama?"

"Kila mwaka. Ua ni ndoto ya hicho kitunguu. Kisipolala baridi hakioti ndoto."

Mdogo wake Yuditi, mama mdogo Rahabu, alikuwa amesimama karibu ameshika kanga ya bibi harusi. Akasema, "Dada, si umpe yale mekundu ya pale kwenye uzio? Yale yanaota hata juu ya mawe."

"Yale mekundu baki nayo wewe," Yuditi akamjibu.

Mama akashuka na kapu lake kichwani. Akapanda vitunguu kando ya mlango wa nyumba ya bibi Subilaga, chini ya mgomba, na kabla mwezi haujaisha vikatoa maua. Watu walikuja kutazama. Baba alikuwa na binamu yake mmoja, Ambakisye, mtu wa utani asiyejua kunyamaza. Alikuja na kitunguu kimoja alichokikuta kimebaki kapuni, akakinusa.

"Shemeji, mbona hakina harufu? Au Wakinga mmeshakikamua mkauza maji yake?"

"Kaanga ule, shemeji," mama akamwambia. "Kesho tutakuzika na maua yake."

Watu wakacheka mpaka wakashika miti. Bibi Subilaga alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine. Kisimani maua ya mkwe wangu, kanisani maua ya mkwe wangu. Alichuma moja akaliweka kwenye kikombe cha chai juu ya meza ya mchungaji, akakaa kiti cha mbele alione vizuri.

Na mwelewe bibi alikuwa mtu gani. Alizaa watoto sita, akazika watano. Alibaki na Gwakisa peke yake, naye Gwakisa kazi yake ni msituni, wiki kwa wiki. Nyumba ilikuwa kimya. Halafu akaja msichana huyu wa mlimani, na tangu siku ya kwanza hakumwita mama mkwe, wala mama Gwakisa kama wanavyomwita wengine. Alimwita mama. Bibi alikuwa akiitika mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili polepole, kama anayelirudia neno kinywani alionje.

Basi mwaka ukageuka. Mvua zikapungua, majani ya yale maua yakawa ya njano, yakalala chini. Mama akavichimbua vitunguu vyake, akavifuta udongo, akavipanga kapuni. Wakati huo tumbo lilikuwa kubwa. Tumbo hilo lilikuwa mimi. Akaenda jikoni kwa bibi.

"Mama, majani yamekauka. Naomba ruhusa nivipeleke kwa mama yangu."

"Na tumbo hilo?"

"Nitapanda polepole."

"Mlima ule haujui polepole, Damari. Nimezika watoto watano. Sitazika wa sita kwa ajili ya vitunguu."

"Basi tumpe mzee Chaula, muuza viazi. Siku ya soko anarudi mlimani mikono mitupu."

"Chaula! Atavichanganya na viazi vyake watu wale wafe. Na hata asipovichanganya, mbegu ya mkwe wangu ikalale ugenini kama yatima, watu waseme sina nyumba? Lete hilo kapu."

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana ninyi mnahifadhi mbegu kwenye madebe yenye dawa. Zamani jikoni, juu kabisa ya mafiga, palikuwa na uchaga wa mianzi. Pale ndipo palipokaa mbegu ya mwaka ujao. Moshi uliizuia isiliwe na fukusi, joto liliikausha. Palikuwa mahali pa heshima kuliko pote ndani ya nyumba, kuliko hata kitanda cha baba. Na kwetu mbegu ikishapanda uchagani ilikuwa chini ya mkono wa mama mwenye nyumba. Hakuna mwingine aliyeigusa mpaka yeye mwenyewe aishushe siku ya kupanda. Mwanamke aliyeshusha mbegu ya uchaga wa mwenzake alihesabiwa kuwa anamtakia njaa.

Bibi akapanda juu ya kigoda. Akasogeza pembeni mahindi yake mwenyewe ya mbegu, yale masuke aliyoyachagua moja moja, akaliweka kapu la mama katikati, pale moshi unapopita.

"Mama," mama akasema, "pale pana joto."

"Ndiyo! Mbegu gani isiyopenda joto? Nimevipa nafasi ya mahindi yangu."

Akashuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akamtazama mama kwa furaha. Mama aliniambia ni ile furaha iliyomfunga mdomo. Angekuwa amekasirika, angebishana naye. Utabishanaje na mtu aliyekupa mahali pazuri kuliko pote alipo napo?

Nikazaliwa mimi. Ikaja siku ya kupanda, bibi akashusha kapu kwa mikono yake, vikapandwa. Vikachipua haraka, majani marefu, mapana, ya kijani kibichi. Bibi akafurahi. Akaongeza samadi. Akawa anavimwagilia asubuhi na jioni kwa maji aliyoyabeba kichwani. Watu wakapita kuuliza maua yako wapi, akawa anawaambia, "Subirini, kwanza vinanenepa." Hakikutoa hata kimoja. Ambakisye alikuja akayatazama yale majani, akakosa hata la kutania. Akasema tu, "Shemeji, vimeshiba," akaondoka.

Mama alijua. Lakini angemwambia nani? Baba yuko msituni, na akirudi anakaa siku chache, yeye na mama yake ni kitu kimoja. Babu Andimile alikuwepo, ila kwa desturi yetu ya Kinyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Mama akisikia kikohozi cha babu njiani alikuwa anaingia majanini mpaka apite. Jambo lake lolote lilipita kwa bibi au halikupita kabisa.

Babu naye alikuwa anajua kitu. Ujanani alikuwa akipanda Ukinga kununua viazi vya mbegu, akalala kule, akaona. Jioni moja akamwambia mkewe, "Vitu vya kule vinataka baridi. Mwache binti avipeleke kwa mama yake."

"Wewe tangu lini unasema mambo ya mkweo?" bibi akamuuliza. "Hata uso wake hujawahi kuuona."

Babu akanyamaza. Desturi ilimfunga mdomo, na yeye akakubali kufungwa, maana kunyamaza ni kazi nyepesi.

Baridi ya pili ikaja. Mama akavichimbua tena. Vilikuwa vimepungua, vimekuwa vidogo kama vitunguu saumu. Akaomba tena ruhusa. Safari hii bibi alinishika mimi mikononi, akanikumbatia kifuani.

"Huyu hajafika mwaka. Baridi ya kule itampasua mapafu. Mwakani, Damari. Mwakani atakuwa anatembea, utakwenda naye kwa raha."

Kapu likarudi uchagani.

Siku ya soko mama akamtafuta mzee Chaula kwenye magunia yake ya viazi. Huyo ndiye aliyekuwa redio ya mlima. Akamuuliza habari za mama yake.

"Mama yako ni mzima," Chaula akasema. "Ila ananishangaza. Ana tuta pale nyumbani halina kitu. Analilima, analipalilia, jani likichungulia analing'oa. Nikamwambia, Yuditi, unalimia nini hapo, si upande hata njegere? Akaniambia nikwambie tuta liko tayari."

Mama akasimama pale na watu wanamsukuma huku na huku.

"Mwambie mwakani," akasema. "Mwambie nakuja na mtoto."

"Hata mwaka jana ulisema mwakani."

"Mwambie, baba. Wewe mwambie tu."

Chaula akampelekea. Na kila alipopita kwa Yuditi, Yuditi alimuuliza jambo moja tu, mtoto anafanana na nani. Chaula hakuwahi kuniona, lakini alikuwa akimjibu kwamba nafanana na Yuditi mwenyewe. Mzee yule aliniambia hivyo mwenyewe nikiwa mtu mzima. Alisema uongo ule ndio uliomfanya Yuditi acheke.

Mwaka uliofuata havikuota vizuri. Vilitoa jani moja moja, jembamba, likalala kabla ya wakati wake. Baridi ya tatu ilipofika mama hakuomba ruhusa ya kupeleka vitunguu. Aliona vimekwisha, na vile vichache vilivyobaki vikarudi uchagani. Aliomba kitu kingine.

"Mama, naomba nikamwonyeshe mama yangu mtoto."

Na bibi akakubali. Hilo ndilo linalouma. Alikubali kwa moyo wote.

"Tukimaliza mpunga tutakwenda pamoja," akasema. "Na mimi nikamsalimu mwenzangu. Hata harusini sikupanda, nitamwambia nini akiniuliza?"

Akaenda kwenye mitumba akaninunulia sweta jekundu lenye vifungo, akalifua, akalikunja, akaliweka tayari. Lakini mpunga mwaka ule ulikuwa mwingi. Ulipoisha kukawa na msiba kwa jirani. Ukaisha msiba, babu akapata homa. Kila wiki ilikuja na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli. Hivyo ndivyo ilivyokwenda mpaka mwezi wa nane ukawa unaishia.

Siku moja isiyo ya soko mzee Chaula akatokea uani kwetu bila gunia. Mama alikuwa anapeta mchele. Alimwona Chaula hana mzigo, akaweka ungo chini.

"Ni kifua," Chaula akasema. "Kilimshika Jumapili. Hakikumchelewesha."

Tulipanda mlima sote, mama, baba, bibi Subilaga, na mimi mgongoni kwa bibi. Alikataa mtu mwingine asinibebe. Alinivika lile sweta. Mama aliniambia bibi hakusema neno njia nzima isipokuwa kwenye mteremko mmoja mkali, aliposimama kuvuta pumzi akatazama chini tulikotoka, akasema, "Kumbe si mbali."

Tukazika. Watu wa kule wanazika na blanketi mabegani.

Asubuhi iliyofuata bibi akatoka nje kabla ya wengine. Nilikuwa nalia, akanitoa ili nisiwaamshe wafiwa. Ardhi ilikuwa nyeupe. Alikuwa hajawahi kuona sakitu maishani mwake, akadhani mtu amemwaga unga. Akatembea juu yake, ikawa inavunjika chini ya miguu. Na kando ya nyumba ya Yuditi akaona tuta limejaa maua ya njano, ndiyo kwanza yanafunguka, na ule weupe bado uko juu ya majani yake. Hayakuwa na habari nao.

Ubavuni mwa tuta hilo palikuwa na tuta la pili. Udongo umelimwa laini, umezungushiwa fito, na hakuna jani hata moja.

Mama mdogo Rahabu alikuwa anawasha moto wa wafiwa pale uani. Bibi akamuuliza, "Hapa mmepanda nini?"

"Hapo hapajapandwa kitu. Ni tuta la Damari. Dada alikuwa analichimba kila mwaka baridi ikikaribia, anangoja vitunguu."

Bibi akasema, "Vitunguu vyenyewe viko kwangu."

"Najua viko kwako." Rahabu akaendelea kupuliza moto. Halafu akasema, bila kumtazama, "Unayaona yale mekundu kwenye uzio? Yale hayachagui pa kuota. Nilimwambia ampe binti yake yale. Akakataa. Baadaye tulipobaki wawili akaniambia, Rahabu, mekundu akiyapata hatakuwa na haja ya kurudi. Haya ya njano lazima yarudi kulala baridi, na yeye ndiye atakayeyabeba. Hakuwa na shida ya maua, mama. Maua alikuwa nayo. Alitaka aone mtoto wake mara moja kwa mwaka, na aliona haya kuomba."

Mama yangu alikuwa ameshatoka. Alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Bibi akachuchumaa na mimi mgongoni. Akachomeka vidole kwenye lile tuta tupu, akavitoa upesi kama mtu aliyegusa kaa la moto. Akavichomeka tena, akaviacha humo.

"Damari," akasema. "Nilikuwa navipika."

Mama akatoka mlangoni, akasogea.

"Nilikuwa navipika, mwanangu, na huku nasema navilea. Mbegu ya baridi hailelewi mekoni. Nimeiweka mbegu mekoni, na wewe nimekuweka mekoni."

"Nilikwambia pale pana joto, mama Gwakisa," mama akasema.

Alinichukua kutoka mgongoni kwa bibi, akanipeleka kwenye kaburi la mama yake, akanisimamisha pale na sweta langu. Anasema nilitaka kulala juu ya udongo kwa sababu ulikuwa laini, na akaniacha nilale.

Siku ya kushuka bibi alimwomba Rahabu vitunguu vya kupeleka nyumbani. Alitaka kuanza upya. Alisema kila mwaka atavipandisha mwenyewe, hata kwa kutambaa. Rahabu akaingia tutani na jembe, mama akamzuia.

"Vya nini?" akauliza. "Nani atavilaza?"

"Nitavilaza mimi," Rahabu akasema.

Mama akatikisa kichwa. "Wewe nakushukuru, mama mdogo. Tuta lilikuwa lake."

Nyumbani bibi akapanda juu ya kigoda na kushusha kapu, ingawa haikuwa siku ya kupanda. Vitunguu havikuwa vimeoza. Vilikuwa vikavu na vyepesi kama pumba, vinanuka moshi, na ukikiminya kimoja kinatoa vumbi. Akavichimbia shimo chini ya mgomba akavifukia, na tangu siku hiyo hadi anakufa hakuweka tena kitu uchagani bila kwanza kumuuliza mwenye nacho. Kila baridi ilipoingia alimwambia mama, "Nenda kwenu," na akamfungia mchele wa kubeba. Mama alikwenda. Lakini alikuwa anakwenda kaburini, na kaburi haliulizi mtoto anafanana na nani.

Bibi ndiye aliyeyatembeza maneno yale. Akisikia mahali mke wa mtu amezuiwa kwenda kwao, au kijana analazimishwa kazi isiyo yake kwa sababu wazazi wanampenda, anachukua fimbo yake anakwenda. Hakai wala hanywi chai. Anasimama mlangoni, anawaambia mbegu ya baridi hailelewi mekoni, anarudi kwake. Watu waliudhika, kisha wakazoea, kisha na wao wakaanza kuyasema. Hivyo ndivyo yalivyomfikia mama Sekela asubuhi hii, na yeye hakumwona bibi yangu hata siku moja.

Geuzeni na huo upande wa pili, msiache punje zishikane.

Mnataka kujua maana yake? Maana yake mmeshaielewa. Kupenda siyo kumweka mtu mahali unapopapenda wewe. Muulize analala wapi. Mbegu ya baridi hailelewi mekoni, na ilipolelewa mekoni gharama yake ilikuwa hii. Kapu moja la vitunguu, hakikubaki hata cha mbegu. Baridi tatu ambazo mjane mmoja alipalilia tuta tupu. Mjukuu mmoja, ambaye mjane huyo aliambiwa anafanana naye, na asimshike hata kidole. Na neno moja. Mama yangu aliishi na bibi yangu kwa amani mpaka mwisho, alimpikia, alimwogesha alipozeeka, na alipokufa alimlilia kuliko sisi sote. Ila tangu asubuhi ile mlimani hakumwita tena mama.